UDONGO, ARDHI NA MBUGA: HISTORIA FUPI YA ISTILAHI ZA SAYANSI YA UDONGO NCHINI

Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita tulihudhuria kikao cha wakazi wa Manzese, Dar es Salaam, walioitwa kutoa maoni juu ya tangazo la afya lililofasiriwa kutoka Kiingereza. Tangazo lilihusu uchimbaji wa vyoo vya shimo, na miongoni mwa maagizo yake lilikuwamo hili: choo kisichimbwe mahali penye udongo. Mzee mmoja aliyeketi nyuma aliomba nafasi, akasema kwa upole: "Ndugu zetu, tuonyesheni basi mahali pasipo udongo, tukachimbe huko." Watu wakacheka, na kikao kikaendelea.

Swali lile halikuwa la mzaha. Mwandishi wa matini ya asili alikusudia udongo wa mfinyanzi, yaani ule usiopitisha maji kwa urahisi, ambao choo kikichimbwa ndani yake hujaa upesi na kufurika wakati wa masika. Mfasiri alitazama kamusi, akakuta neno "udongo" limetajwa kwa mfinyanzi na pia kwa udongo wa kila aina, akalitwaa. Kosa lake tunalielewa, kwani nasi tumelifanya mara nyingi. Baada ya kikao tulizungumza na fundi wa kuchimba vyoo, naye akatuhesabia anavyokutana navyo akishuka shimoni: kwanza kifusi, kisha kichanga, kisha mfinyanzi, kisha maji. Hakulitumia neno "udongo" hata mara moja. Kwa kazi yake lilikuwa neno pana mno.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi istilahi za udongo zilivyopatikana nchini mwetu, zipi zilisalia midomoni mwa wakulima na mafundi, na zipi zilikwenda ng'ambo zikawa istilahi za sayansi bila ya kurudi nyumbani. Tutaonyesha kwamba upungufu tunaoulalamikia haukutokana na umaskini wa lugha. Ulitokana na kutowauliza wenye maneno.

Maneno mawili yanayochanganywa

Yafaa tuanze na maneno mawili ya msingi. "Udongo" ni kitu kinachoshikika: hufinyangwa chungu, hukandikwa ukuta, hupandwa mbegu, na mwisho wa safari hufukiwa mtu. "Ardhi", neno tulilolipata kutoka Kiarabu, ni mahali panapomilikiwa, panapopimwa na kugawiwa. Tena ni dunia ikitajwa pamoja na mbingu. Mtu huuza ardhi, bali huchota udongo.

Hata hivyo katika maandishi ya serikali na ya miradi maneno haya yamebadilishana nafasi kwa muda mrefu. Mwaka 1973 ulipoanzishwa mradi wa kupambana na mmomonyoko mkoani Dodoma, uliitwa Hifadhi Ardhi Dodoma, kwa kifupi HADO. Na mwaka 1986 ukafuata wa Shinyanga, HASHI. Kilichokuwa kikihifadhiwa kwa matuta, kwa miti na kwa kupunguza mifugo kilikuwa ni udongo usichukuliwe na maji. Jina lilikuwa zuri kwa masikio, likakubalika, nasi hatudai libadilishwe. Twataka tu ionekane kwamba msomaji wa leo akikuta "hifadhi ya ardhi" katika sheria, hana budi kujiuliza kwanza kama kinachosemwa ni rutuba au ni mipaka.

Ndani ya "udongo" mna tatizo la pili, lile la Manzese. Mkulima huligawa neno hili kwa sifa: udongo mwekundu, mweusi, wa kichanga, tifutifu, wa mfinyanzi, wenye mboji, wenye magadi. Mwanasayansi naye hugawa kwa ukubwa wa chembe, na mfinyanzi kwake ni chembe ndogo kupita zote, zisizofika sehemu mbili za elfu za milimita. Mipango miwili hii haipingani. Lakini mfasiri akiacha sifa na kubakiza jina tupu, yote miwili huvunjika.

Amani, na mnyororo wa Milne

Uchunguzi wa udongo kwa njia za kisayansi nchini ulikuwa na kitovu chake Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walijenga taasisi ya utafiti wa kilimo na elimu ya viumbe mwaka 1902. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walikigeuza kuwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika ya Mashariki, na huko ndiko alikofanyia kazi mkemia wa udongo Geoffrey Milne.

Kazi ya Milne ilikuwa ngumu: kuchora ramani ya udongo wa nchi kubwa yenye wapimaji wachache. Aligundua kwamba kila apitapo, akitoka kileleni mwa kilima kuteremka hadi bondeni, aina za udongo zilifuatana kwa utaratibu ule ule, kisha zikajirudia kwenye kilima cha pili na cha tatu. Udongo wa bondeni haukuwa mgeni kwa ule wa juu, kwani maji yalichukua chembe na chumvi kutoka juu yakazilaza chini. Kwa hiyo mwaka 1935 alipendekeza kwamba ramani isijaribu kuonyesha kila aina peke yake, bali ionyeshe mfuatano mzima kuwa kitu kimoja. Mfuatano huo aliupa jina la Kilatini lenye maana ya mnyororo, kwa sababu mnyororo ukishikwa ncha mbili hulegea katikati kama bonde lilalovyo kati ya vilima viwili. Mwaka 1936 ilitoka ramani ya muda ya udongo wa Afrika ya Mashariki iliyotumia wazo hilo, na leo istilahi hiyo hufundishwa katika vyuo vya dunia nzima.

Wazo hili lilikuwa geni kwa wataalamu, lakini jambo lenyewe halikuwa geni kwa wakulima. Wasukuma walikuwa na majina ya hatua kwa hatua. Juu, karibu na mawe ya matale, kuna luseni, udongo wa kichanga mwepesi kulima. Chini yake hufuata itogolo, wa kijivu na mgumu chini, na mahali pengine ibambasi, mgumu kupita kiasi. Bondeni kabisa ni mbuga: udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba na kunata masika, na kupasuka nyufa kiangazi. Majina haya yaliingia katika maandishi ya Kiingereza juu ya Usukuma, tena bila ya kufasiriwa, kwa kuwa wenye Kiingereza hawakuwa na yao.

Si Usukuma peke yake. Wataalamu waliochunguza udongo wa Unguja na Pemba katika miaka ya 1950 nao waliyatwaa majina ya wenyeji: kinongo, kichanga, kinamo, uwanda na maweni. Kwa hiyo hata Kiunguja, lahaja iliyofanywa msingi wa Kiswahili sanifu, kilikuwa na mpango wake wa kuainisha udongo. Vitabu vya shule vilivyosanifiwa tangu Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930 havikupewa nafasi ya kuubeba mpango huo.

Safari mbili za neno "mbuga"

Historia ya neno "mbuga" inastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa kuwa ndani yake limo somo lote.

Neno hili lilifunga safari mbili. Katika safari ya kwanza lilitoka shambani likaingia katika vitabu vya wanasayansi wa Kiingereza, na kwa miongo mingi wakaandika juu ya udongo wa mbuga kama wenzao wa Urusi walivyoandika juu ya chenozemu, yaani udongo mweusi. Ikumbukwe kwamba chenozemu nalo lilikuwa neno la wakulima. Dokuchaev, anayehesabiwa kuwa mwasisi wa sayansi ya udongo, alilitumia katika kitabu chake cha mwaka 1883, na hata leo limo katika uainishaji wa kimataifa. Neno letu halikupata bahati hiyo. Shirika la FAO pamoja na UNESCO walipotoa mwaka 1974 ufunguo wa ramani ya udongo wa dunia, wenye makundi makuu 26, udongo mweusi wa nyufa uliwekwa chini ya jina vetisoli, lililotungwa kutokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kugeuza. Kwani udongo wa juu huanguka ndani ya nyufa, na hivyo shamba hujigeuza lenyewe. Maana hiyo ni nzuri. Lakini jina halimwambii kitu mkulima wa Kwimba.

Safari ya pili ilikuwa ya ndani ya nchi. Katika Kiswahili sanifu "mbuga" lilikwishamaanisha uwanda mpana wa nyasi. Kisha zilipokuja hifadhi za wanyama, Serengeti ikiwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, watu wakazoea kusema "mbuga za wanyama". Hata baada ya "hifadhi za taifa" kuwa jina rasmi, mwanafunzi wa Dar es Salaam akisikia "mbuga" huona simba na pundamilia. Hauoni udongo mweusi unaomeza magurudumu ya gari. Kwa hiyo bwana shamba aliyefunzwa kwa Kiingereza alijua maana ya kisayansi ya neno la Kiafrika, na mtoto aliyefunzwa kwa Kiswahili hakuijua. Hapana mfano ulio wazi zaidi wa hazina ya nyumbani kuwekwa kwa jirani.

Gharama ya kutouliza

Pengine msomaji atasema kuwa haya ni mambo ya wanakamusi tu. Historia yasema vingine.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kusafisha mapori ya Kongwa kwa ajili ya mpango mkubwa wa karanga. Udongo haukuwa umechunguzwa ipasavyo kabla ya kuleta matrekta. Ulipokauka ulikuwa mgumu kama saruji, chembe zake za mchanga mkali zikasaga majembe, na karanga zilizokwisha komaa hazikung'oka. Mpango uliachwa mwaka 1951, na hasara yake ikatajwa kuwa paundi milioni 36 hivi. Wagogo waliokaa na udongo ule vizazi kwa vizazi hawakuwa wameulizwa.

Katika milima ya Uluguru jambo lilikuwa chungu zaidi. Mpango wa matumizi ya ardhi ulioanza mwaka 1950 uliwalazimisha wakulima kukata matuta ya ngazi katika miteremko mikali. Nia ilikuwa kuzuia mmomonyoko. Lakini juu ya miteremko ile udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba, na kukata ngazi kulifukia tabaka hilo na kufukua la chini lisilo na chakula cha mmea. Neno "tuta" lenyewe lilificha tofauti: tuta la viazi huinua udongo mzuri, bali tuta la ngazi lilikuwa likiuzika. Mwezi Julai 1955 palizuka ghasia, mtu mmoja akauawa huko Matombo, na mpango ukasimamishwa. Hatusemi kwamba istilahi ndiyo iliyoua. Lakini waliotoa amri na walioamriwa hawakuwa wakizungumza juu ya tabaka moja la udongo.

Kupima na kufuatilia

Upande wa vipimo historia yetu ni ya kujivunia. Huko Mpwapwa, tangu mwaka 1933, vilitengwa vishamba vya majaribio ili kupima maji yatiririkayo na udongo uchukuliwao, kimoja kikiwa na nyasi, kingine kikilimwa, kingine kikiachwa kitupu. Kati ya mwaka 1968 na 1972 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishirikiana na kile cha Uppsala, Sweden, kuchunguza mmomonyoko na mashapo ya mabwawa. Wakati huo huo, Februari 1970, mvua kubwa ya saa chache ilisababisha zaidi ya maporomoko 1,000 huko Mgeta. Watafiti walipoyahesabu waliona kwamba karibu yote yalikuwa katika mashamba na penye nyasi. Msituni yalikuwa machache mno. Matumizi ya ardhi yaliacha alama iliyohesabika.

Hapa ndipo lugha yetu ilipopata ushindi wake mkubwa katika uwanja huu. Neno "mmomonyoko" halikukopwa. Lilitokana na kitenzi cha siku zote, -momonyoka, kisemwacho ukingo wa mto ukimegeka au ukuta wa udongo ukiloa. Kila mwananchi alilielewa mara moja. Lilikubalika hata likavuka mipaka ya taaluma, na leo viongozi wa dini na walimu huonya juu ya mmomonyoko wa maadili. Katika miaka ya karibuni wizara inayoshughulikia kilimo imeeneza usemi "kupima afya ya udongo", nao umepokewa kwa wepesi ule ule. Istilahi inayotoka katika lugha hai haihitaji kusukumwa.

Manzese: mkufu mjini

Turudi sasa Manzese tulikoanzia, kwa maana mji nao una udongo wake.

Manzese ilikua kando ya barabara ya Morogoro kwa juhudi za watu waliotoka mikoa yote. Mradi wa Viwanja na Huduma, uliogharimiwa na Benki ya Dunia tangu mwaka 1974, ulipima viwanja vipya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na katika Manzese ukachagua kuboresha makazi yaliyokwisha kujengwa badala ya kuyabomoa. Zamani ikiwa Kinondoni, na leo ikiwa katika Wilaya ya Ubungo, Manzese imebaki mahali penye nyumba zilizosongamana, kuanzia sehemu za juu zilizo kavu hadi mabonde yanayoelekea mto Ng'ombe na hatimaye Msimbazi. Atembeaye kutoka juu kuteremka bondeni anashuka mnyororo wa Milne bila ya kujua. Juu maji hunywea. Chini maji yako karibu, mashimo hujaa, na masika yakija wapo wanaotapisha vyoo ili mafuriko yachukue uchafu.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua ardhi ambayo ni hatari kuiendeleza, na eneo la mita 60 kutoka ukingo wa mto limo ndani yake. Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 40, na serikali ikawahamishia baadhi ya waathirika Mabwepande. Katika hotuba na magazeti walioathirika waliitwa "wakazi wa mabondeni". Neno "bondeni" latosha kumlaumu mtu, lakini halitoshi kumweleza. Halimwambii kwamba chini ya nyumba yake kuna mfinyanzi usiopitisha maji, wala kwamba juu ya mfinyanzi huo pana kifusi alichomwaga yeye, au aliyemuuzia, ili painuke.

Kifusi hicho ni udongo wa aina yake: vipande vya matofali, kokoto, chupa, takataka na mchanga, vilivyoshindiliwa juu ya eneo la maji. Wanasayansi walichelewa kuupa nafasi. Mpaka mwaka 2006 ndipo uainishaji wa kimataifa ulipoongeza kundi la teknosoli, yaani udongo ambao, katika mita moja ya juu, sehemu 20 au zaidi kwa 100 ni vitu vilivyotengenezwa au kuletwa na binadamu. Yule fundi wa Manzese alikuwa na jina lake. Alilitaja la kwanza kabisa.

Mapendekezo

Kwa kufuata historia hii tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayafikirie mambo manne.

Kwanza, "ardhi" itumike kwa mahali na milki, "udongo" kwa kitu chenyewe, na "mfinyanzi" kwa chembe ndogo kabisa na udongo uliojaa chembe hizo. "Kinamo" libaki kwa sifa ya kunata na kufinyangika.

Pili, "mbuga" lirudishiwe maana yake ya udongo mweusi wa nyufa. Panapohofiwa utata, "udongo wa mbuga" latosha.

Tatu, mfuatano wa Milne uitwe "mkufu wa udongo". Wengine hupendelea "mnyororo", nasi tumelitumia hapo juu kwa kueleza asili yake. Lakini mnyororo hukumbusha kifungo, na mkufu ndio uningʼiniao shingoni ukalegea katikati, kama Milne alivyokusudia.

Nne, "udongo wa kifusi" utumike kwa udongo uliofanywa na watu mijini, ili neno la mchimba choo na neno la mtaalamu liwe moja.

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Istilahi nazo ni hivyo: zikikauka katika umbo baya, kuzifinyanga upya ni kuzivunja. Ramani za udongo zinazochorwa sasa na matangazo yanayoandikwa sasa bado ni mabichi. Tukifanya kazi hii kwa wakati, siku nyingine tutakapokwenda Manzese na tangazo letu, mzee yule hatakuwa na haja ya kutuuliza ni wapi pasipo udongo. Atatuuliza kama choo chake kimeingia mfinyanzini, nasi tutajua anachouliza.